Hukumu ya talaka haina miguu: maneno ya benchi na ukweli wa sheria, Lubumbashi

Ukikaa asubuhi kwenye benchi nje ya tribinali ya amani, ile tunayoiita Tripe, utagundua kwamba Lubumbashi ina sheria mbili za talaka. Moja inasomwa ndani na jaji. Ya pili inazunguka benchini, kwa shemeji, kwa jirani wa Katuba, kwa mtu aliyewahi kuachana na bwana wake zamani na sasa anajiona avoka, yaani wakili. Ya benchi ndiyo inayosafiri haraka. Ndiyo pia inayofanya watu wafungie hukumu kabatini na kungoja mwenzao aguswe na dhamiri.

"Nimeshinda. Jaji amesema atatoa pesa ya watoto kila mwezi, basi atatoa." Hii ndiyo dhana inayowaumiza wengi, kwa hiyo nitaikalia kidogo. Jaji akishasoma hukumu, kwake kesi imekwisha. Hakuna mtu pale ofisini mwenye daftari la kuandika kwamba mwezi wa tatu baba watoto hakutuma kitu. Aliyeshinda ndiye anayeisukuma hukumu yake. Anaanza grefi, ofisi ya karani wa tribinali, anaomba grosi, yaani nakala yenye mihuri na yale maneno ya amri yanayowaagiza mawisie (maofisa wa kupeleka na kutekeleza hukumu), parke (ofisi ya waendesha mashtaka) na makamanda wa polisi kusaidia utekelezaji. Nakala ya kawaida haina nguvu hiyo, hata ukiitia plastiki. Baadaye wisie anaipeleka hukumu rasmi kwa aliyeshindwa, na ni siku hiyo ndipo saa inaanza kuhesabu: siku 30 za kukata rufaa mbele ya TGI, tribinali kubwa iliyo juu ya ile ya amani. Kama alihukumiwa bila kufika, ana kwanza siku 15 za kuipinga hukumu palepale ilipotolewa. Siku zikiisha na yeye amenyamaza, grefi inatoa karatasi ya kuthibitisha kwamba hakuna rufaa.

Wengi wanakwama hapo grefi, na sababu ni pesa. Kabla ya kupewa grosi kuna ada za serikali za kulipa, zinazohesabiwa kwa asilimia ya pesa zilizotajwa kwenye hukumu. Mama ambaye hajapokea hata franki moja anaambiwa aanze kutoa yeye. Mimi naona ni jambo la ajabu, lakini ndivyo mlango ulivyo. Asiye na uwezo anaweza kuomba cheti cha kuthibitisha hali yake kupitia huduma ya mambo ya jamii, kisha akaomba tribinali imwondolee gharama. Wachache wanaliomba, kwa sababu benchini hakuna anayelitaja.

Jambo jingine linalojulikana kwa kuchelewa: "akikata rufaa, tumekwisha." Kweli, kwa kawaida rufaa inasimamisha utekelezaji. Lakini jaji anaweza kuamuru sehemu fulani, hasa chakula cha watoto, yaani pesa ya matunzo yao, ianze kutekelezwa hata kama kuna rufaa. Hili linaombwa mapema, ndani ya madai yenyewe. Ukilikumbuka siku ya hukumu umeshachelewa.

Halafu kuna dhana iliyokuja na televisheni. Katika filamu za Marekani bwana hajalipa, anarudishwa mbele ya jaji, jaji anakasirika, pingu. Kule kuna kosa la kudharau mahakama, na jaji wa familia anaweza kweli kumtia mtu ndani mpaka atii. Huku kwetu hukumu ya madai inafuata mali ya mtu: mshahara, akaunti ya benki, gari, duka. Gereza ni njia nyingine, ya parke. Kodi ya familia (si ya kulipa, ni kitabu cha sheria za familia), sheria ya 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa 15 Julai 2016, ina vifungu vya adhabu kwa anayetelekeza familia yake, kwa hiyo malalamiko yanawezekana. Ila hayalipi ada ya shule. Mtu akifungwa leo, kesho mshahara wake umesimama, na wewe ulikuwa unautaka huo huo mshahara. Ni afadhali kwanza uufuate mshahara.

Na hapa ndipo benchi inakosea zaidi katika mji huu ambako nusu ya mazungumzo ya pesa yanaelekea migodini. Watu wanasema: "Anafanya kazi Kolwezi kwenye kampuni ya wageni, huwezi kumgusa." Unaweza. Tangu 12 Septemba 2012 Kongo iko ndani ya OHADA, muungano wa nchi za Afrika wenye sheria za pamoja za biashara, na sheria ya OHADA juu ya kukamata mali inashika kutoka Lubumbashi mpaka Fungurume na mbali zaidi. Kwa deni la kawaida, mwenye kudai hawezi kugusa mshahara kabla ya jaribio la kupatanishwa mbele ya tribinali. Deni la chakula limepewa njia fupi: mwenye hukumu iliyo tayari kutekelezwa anamtuma wisie moja kwa moja kwa mwajiri, na mwajiri anakata kila mwezi kabla pesa haijafika mkononi mwa mfanyakazi. Deni hilo linatangulia mengine. Aliyemkopesha pikipiki atangoja. Si mshahara wote unaokatwa, kwa sababu sheria inaacha sehemu ambayo haiguswi ili mfanyakazi naye aishi. Na mwajiri anayefumba macho baada ya kupokea karatasi ya wisie anaweza kujikuta analipa deni hilo mwenyewe.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mama anayekuja na hukumu si "Bwana ana tabia gani?" Ni "Anafanya kazi kampuni gani, jina lake limeandikwaje kwenye karatasi ya mshahara, na analipwa kupitia benki ipi?" Akaunti ya benki nayo inakamatwa: benki inatakiwa kutangaza kilichomo, na mwenye akaunti ana muda uliowekwa wa kupinga. Wisie hafanyi upelelezi. Ukimpa jina la utani na "anakaa huko Ruashi karibu na soko", atakurudishia karatasi zako.

Upande wa pili nao una dhana zake, tuwe waadilifu. Baba aliyefukuzwa kazi anajiambia: "Sina kazi, basi sidaiwi." Anadaiwa. Hukumu haisomi barua ya kufukuzwa. Deni linaendelea kupanda kila mwezi mpaka jaji aseme vingine. Chakula kinapimwa kwa mahitaji ya anayepewa na uwezo wa anayetoa, na uwezo ukibadilika mtu anarudi tribinali kuomba kiasi kipunguzwe. Vilevile mama anaweza kuomba kiongezwe watoto wakiingia sekondari. Na yule anayesema "nilinunua viatu, nilimpa mkubwa pesa ya basi" ajue kwamba viatu havifuti deni la mwezi. Atume kwa simu au benki, abaki na ujumbe wa uthibitisho. Pesa iliyopitia mkononi mwa binamu haina shahidi.

"Hanilipi, basi watoto hatawaona." Na mwenzake: "Hanionyeshi watoto, basi silipi." Nimesikia yote mawili kwa siku moja, kwenye benchi moja, karibu niamini walikuwa mume na mke. Hizo ni amri mbili tofauti na hakuna inayofungua nyingine. Watoto hawawekwi rehani. Anayenyimwa kuwaona analeta malalamiko yake kivyake. Anayenyimwa pesa anafuata mshahara. Kumrudisha mtoto kwa mzazi aliyepewa na jaji ni kazi ngumu kuliko kukamata friji, na wisie mwenye akili hamvuti mtoto mkono barabarani. Sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inaweka maslahi yake mbele, kwa hiyo mara nyingi utaona mhudumu wa jamii akiingia kati.

Kuhusu familia kupatana: wazee wakikaa, wakanywa, wakasema "tumemaliza", ni vizuri kwa amani ya ukoo. Lakini talaka ya sheria inatoka kwa jaji tu, na makubaliano ya sebuleni hayabadilishi kiasi kilichoandikwa na tribinali. Yaandikeni, myapeleke kwa jaji.

Nyumba inahitaji makala yake, nitagusa tu. Wengi wanadhani jina lililo kwenye karatasi za parseli, yaani kiwanja, ndilo linamaliza mjadala. Kama ndoa haikuchagua mfumo wa mali, sheria inachukua kwamba mlichochuma pamoja ni cha wote wawili, jina liwe la nani. Tatizo linakuja wakati wa kuuza au kugawana: cheti cha usajili cha msimamizi wa hati za ardhi ndicho kinachothibitisha umiliki, na parseli nyingi huku komyuni ya Annexe zina fishi tu, karatasi ya ofisi ya komyuni. Shughulikia cheti hicho kabla ya kumlipa wisie.

"Amevuka Kasumbalesa, amekwisha kupona." Hapana, ila imekuwa vigumu. Zambia haiko ndani ya OHADA, na hukumu ya Lubumbashi haitekelezwi kule mpaka mahakama ya kule iipokee. Lakini kama aliacha huku duka, gari au parseli, hivyo havikuvuka mpaka naye.

Na kwa wanaogongewa mlango: sheria ya OHADA hairuhusu utekelezaji Jumapili wala sikukuu, wala kabla ya saa mbili asubuhi, wala baada ya saa kumi na mbili jioni, isipokuwa kwa ruhusa ya tribinali. Anayekuja saa tatu usiku na polisi wawili, akisema "ninatekeleza hukumu", mwulize ruhusa hiyo iko wapi. Kama hana, arudi asubuhi.