Je, wajua kwa nini mbwa wa msitu wa Kongo huvishwa kengele?

Katika msitu wa Ituri, kaskazini mashariki mwa Kongo, mbwa wa kuwindia hufungwa kengele ya mti shingoni. Mgeni atashangaa: si itawakurupusha wanyama? Naam, ndiyo kazi yake mojawapo.

Mbwa huyo ni basenji, na habweki. Si bubu. Hunguruma, hulia akiumia, na akifurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka kama mtu anayepiga vigelegele. Koromeo lake lina umbo tofauti na la mbwa wengine, kwa hiyo kule kubweka mfululizo hakumtoki.

Sasa fikiria msitu wenyewe. Majani yamesongamana, huoni hatua chache mbele. Mbwa aliye kimya akishapenya humo, utajuaje yuko wapi? Kengele ndiyo inayokuambia. Imechongwa kwa gogo dogo, ikatobolewa ndani, na ulimi wake nao ni wa mti, hivyo hailii kwa ukali wa chuma bali hugonga sauti kavu: ko, ko, ko. Ikigonga polepole, mbwa ananusa. Ikienda mbio, amemwibua paa. Wambuti, wawindaji wa msitu huo, huwinda kwa nyavu: wanawake na watoto wanaswaga kwa kelele, wanaume wanangoja kwenye nyavu na mikuki yao. Paa akikimbia kengele anaelekea huko huko.

Windo lenyewe mara nyingi ni paa chesi, mwenye kilo 5 hivi. Kwa windo hilo mbwa mkubwa ni hasara tupu. Basenji ana kilo 10 au 11, anapita chini ya mimea itambaayo bila kunasa, manyoya yake mafupi hukauka upesi, na hushiba kwa chakula kidogo. Familia inayokula kinachopatikana siku hiyo haiwezi kulisha jibwa la kilo 40, hata liwe hodari vipi.

Kasoro anayo. Jike hupata joto mara moja tu kwa mwaka, ilhali wengi wa mbwa wengine hupata mara mbili, basi vitoto ni vichache. Nje ya Afrika pia alichelewa kuenea: waliopelekwa Uingereza mwaka 1895 walikufa kwa distempa, ugonjwa wa virusi unaoambukiza mbwa, na uzao ulioshika huko ni wa miaka ya 1930.

Mpeleke nyikani penye ngiri, ukimya huohuo unakuwa upungufu. Huko mwindaji anamtaka mbwa wa kubweka, amzuie ngiri mahali pamoja mpaka watu wafike.