Mkanda wa jeshi: usingoje ukauke wenyewe

Swali: Mkanda wa jeshi ni ugonjwa gani?
Ni malengelenge yanayoletwa na virusi vya tetekuwanga, ambavyo ni vya jamii ya herpes. Ukipona tetekuwanga, virusi hubaki vimejificha kwenye mishipa ya fahamu. Kinga ikishuka kwa uzee au maradhi, vinaamka.

Swali: Si nimechomwa tu na Nairobi fly?
Swali hili halikosi Kisumu msimu wa mvua. Kidudu hicho huunguza ngozi pale kilipopondwa. Mkanda wa jeshi kwa kawaida hutanguliza maumivu ya kuchomachoma upande mmoja wa mwili, kisha baada ya siku kadhaa malengelenge hutoka kwa mafungu, tuseme kutoka mgongoni hadi kifuani, na kukomea katikati. Kama huna hakika, njoo uonwe. Tafadhali usipake dawa ya meno wala majivu. Mtu anafika vidonda vimegandiwa na dawa nyeupe, na inabidi kwanza tumwoshe huku akilia kwa uchungu ndipo tuone kilicho chini.

Swali: Nikingoja wiki moja kwanza?
Hapana. Vidonge vya acyclovir, dawa ya kupambana na virusi hivi, hufaa zaidi vikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Saa 72 ni siku tatu, si wiki.

Swali: Lakini jirani yangu alingoja na akapona.
Ngozi yake ilikauka. Muulize kuhusu maumivu. Yanaweza kubaki miezi mingi, hasa kwa wazee, hata shati likigusa ngozi mtu anaruka. Kwa hiyo usingoje. Na kama siku tatu zimepita, njoo vilevile.

Swali: Yangu yametokea usoni.
Basi njoo leo, hata kama unaona vizuri. Malengelenge ya paji la uso, kope au ncha ya pua yanaweza kuingia jichoni na kukupofusha.

Swali: Mbona mnataka kunipima virusi vya Ukimwi?
Kwa kijana, mkanda wa jeshi unaweza kuwa dalili ya kwanza kwamba kinga imeshuka. Kukipatikana kitu, dawa zipo. Usikatae kipimo kwa kuogopa macho ya watu.

Swali: Nitawaambukiza watoto?
Mkanda wenyewe hapana. Ila majimaji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua. Yafunike, na ukae mbali na wajawazito na watoto wachanga hadi yote yafanye magamba.