Koloni si bakteria mmoja

Muhula wa kwanza wa mikrobiolojia hauishi bila sentensi hii kujitokeza kwenye ripoti za wanafunzi wetu hapa Dodoma: “Tuliona bakteria 84 kwenye sahani.” Kwa macho matupu hakuna aliyeona bakteria hata mmoja. Walichokiona ni koloni.

Koloni ni kundi la bakteria waliozaliana mahali pamoja juu ya agari, yaani jeli yenye chakula chao iliyomo kwenye sahani ya maabara, hadi wakaonekana. E. coli, bakteria wa utumbo, akipata chakula na joto la nyuzi 37 hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa mwendo huo, mmoja hufikisha zaidi ya milioni 2 ndani ya saa 7. Kwa hiyo tukisema bakteria “wameota”, tunamaanisha wameongezeka idadi, si kwamba wamenenepa.

Kinachosumbua zaidi ni pale sifa za koloni anapopewa bakteria. “E. coli ni wa duara, ana rangi ya waridi, ukubwa milimita 2.” La hasha. E. coli ni kifimbo chenye urefu wa takriban mikromita 2, mara elfu moja chini ya hapo. Duara ni la koloni. Waridi inatokana na agari ya MacConkey: bakteria anachachusha laktosi (sukari ya maziwa), asidi inatoka, rangi iliyomo kwenye agari inageuka. Mhamishie kwenye agari ya kawaida, koloni zake zitakuwa nyeupe zenye umanjano kidogo. Tena, waridi hii haihusiani kabisa na ile ya kipimo cha Gram, cha kupaka bakteria rangi ili kuwatazama kwa hadubini, ambayo ni rangi ya safranini iliyoshika kwenye seli. Wengi huzichanganya kwa sababu zinafanana kwa macho.

Hata kusema kila koloni imetokana na bakteria mmoja kunahitaji tahadhari. Mwaka 1882 daktari wa upasuaji wa Uskoti, Alexander Ogston, aliwapa bakteria wa Staphylococcus, wanaoshikana kwa makundi, jina kutokana na neno la Kigiriki la kichala cha zabibu, na kwa mtu wa Hombolo au Mpunguzi, kwenye mashamba ya zabibu hapa Dodoma, picha hiyo haihitaji maelezo. Kichala kizima kikitua kwenye agari kinaota koloni moja tu. Ndiyo maana maabara huripoti vizio vinavyounda koloni, si idadi ya bakteria.

Basi kwenye daftari andika “koloni 84”, kisha umbo, ukingo, mwinuko na rangi yake, pamoja na aina ya agari, joto na saa ulizootesha. Sahani iliyolala mezani usiku wa Julai, kwa baridi yetu hii, haitatoa koloni sawa na iliyokaa kwenye inkubeta (kabati la kutunza joto), na msomaji wako hawezi kulijua hilo usipoandika. Na kama ulipanda mililita 0.1 ya sampuli iliyozimuliwa mara 1,000, hizo 84 ni vizio 840,000 vinavyounda koloni katika kila mililita ya sampuli ya mwanzo.