Uvuvi wa mshipi si kutega

Mwezi uliopita niliketi ukingoni mwa Mto Zigi, chini ya milima ya Amani, mshipi mkononi na chambo majini, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimepitwa na watu saba. Watano kati yao, baada ya salamu, waliniuliza swali lile lile: “Mjomba, umetega nini?” Nilijibu kwa upole mara nne. Jioni, nikiwa nimerudi Tanga mjini, nikamsikia mtangazaji wa redio akieleza kwamba kuna wageni wanaosafiri hadi Kilombero “kutega samaki kwa ndoana kama mchezo”, na hapo nikaona heri niandike.

Uvuvi wa mshipi ni kumpata samaki mmoja mmoja kwa uzi wenye ndoana na chambo, uzi ambao mvuvi ameushika mwenyewe, ama kwa vidole vyake, ama kwa kupitia mwanzi au fimbo ya kuvulia yenye gurudumu la kukunjia. Ukiufanya kwa kuupenda tu, bila kuuza wala kuitegemeza sufuria ya nyumbani juu yake, unaitwa uvuvi wa burudani. Miongozo ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2012 inautambua kwa vigezo hivyo hivyo, kwamba samaki si tegemeo kuu la lishe ya mvuaji na kwamba kwa kawaida hauzwi. Maana ndiyo hiyo, na haina ugumu. Ugumu uko kwenye kitenzi.

Kutega, kwa Kiswahili chochote nilichopata kukisikia kuanzia Moa hadi Saadani, ni kukiweka kitu tayari kisha kukiachia kazi. Mtego wa panya hutegwa usiku, na mwenye nyumba akaenda kulala. Dema, ule mtego wa samaki wa kusukwa, hutegwa, na mwenye dema akarudi pwani kunywa kahawa. Ndoo hutegwa chini ya mchirizi wa bati mvua inapoanza, nasi tukaingia ndani. Hata bomu hutegwa, na aliyelitega huwa wa kwanza kuwa mbali. Kwa sababu hiyo lugha imetupa pia kinyume chake, kutegua: mtego hutegulika, bomu hutegulika, na kitendawili, ambacho mtoaji hukitega na kukaa kimya akiwatazama wenzake wakihangaika, huteguliwa na yule mwenye jibu. Sasa jaribu kusema umeutegua mshipi ulioko mkononi mwako. Hausemeki, kwa kuwa haukutegwa.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu ambaye huwa hakubali jambo kabla ya kulipindua, alinipinga kwa kuuliza mbona tunatega sikio ilhali sikio halibanduki kichwani. Nilikiri kwamba amenibana, lakini kwa muda tu. Sikio lililotegwa huachwa wazi lipokee sauti yoyote ijayo, halichagui na halifanyi kitu kingine. Mwenye mshipi hachoki kuchagua, kwani anaamua chambo kizame kiasi gani, kisogee au kitulie, na zaidi ya yote anaamua ni lini avute.

Wapo watakaosema kwamba neno lenye uzito hapa ni ndoana, na kwamba kila kinachofanywa kwa ndoana ni kitu kimoja. Basi tuitazame ndoana yenyewe, maana historia yake inanifurahisha kuliko samaki wengi niliowahi kuwatoa majini. Waganda wanasema okuloba wakimaanisha kuvua kwa ndoana. Wanyarwanda wanasema kuroba, na mvuvi kwao ni umurobyi. Kwa Kiswahili ile b ya katikati ya neno mara nyingi imedondoka: jua letu, kwa mfano, Wanyarwanda bado wanaliita izuba. Kwa upande mwingine, l inayotanguliwa na n hugeuka d, kama tunavyosema ulimi mmoja na ndimi mbili. Ukizipitisha kanuni hizo mbili kwenye shina loba, unaipata ndoana bila kulazimisha. Kwa maneno mengine, chombo chetu kimebeba ndani yake kitenzi cha kale cha Kibantu cha kuvua kwa ndoana, kitenzi ambacho katika maongezi ya kila siku kimetutoka, tukabaki na kuvua, neno pana linalobeba juya, nyavu, dema na mshipi vyote kwa pamoja. Nadhani pengo hilo ndilo linalowafanya watu wadokoe kutega. Wanatafuta neno mahususi, na lililo karibu ni hilo.

Lakini neno mahususi tunalo, nalo ni mshipi. Mshipi ni mkanda wa kiunoni na ni uzi wa kuvulia pia, na katika matumizi yote mawili ni kitu chembamba, kirefu, kinachounganisha. Zamani ulikuwa wa pamba iliyosokotwa. Leo ni wa nailoni, ambayo kampuni ya DuPont iliitangaza mwaka 1938, na ambayo ina tabia zake. Mjomba wangu aliyenifundisha alikuwa akipitisha uzi kwenye tundu la ndoana, anausokota mara tano au sita, anaurudisha, kisha kabla ya kukaza anaweka fundo lote mdomoni na kulilowesha kwa mate. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni dua. Kumbe nailoni kavu ikikazwa hupata joto kwa kusuguana, na joto hilo huidhoofisha pale pale kwenye fundo, mahali ambapo samaki mzito atakuja kuijaribu.

Mshipi ukishakuwa majini, huwa ndio sikio na jicho la mvuvi. Huupitisha juu ya kidole cha shahada, usilegee wala usikaze sana. Perege, mwenye mdomo mdogo, hudonoa: unasikia mapigo mawili matatu mepesi, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha, na ukivuta kwa pupa unatoa ndoana tupu iliyolambwa donge la unga. Unamsubiri hadi pigo ligeuke kuwa mvuto. Kambare hana adabu hiyo. Yeye hutafuta kwa sharubu, hasa jua likishazama au maji yakiwa ya matope, na akikipata chambo hukibugia, ukaona mshipi unaanza kuondoka taratibu kwa uzito, kuelekea kwenye mizizi. Ukichelewa amekwisha kuuzungusha, na hapo hakuna cha kufanya ila kuukata. Ukimpata, mshike kwa nyuma ya miiba ya mapezi ya kifuani. Kovu la kidole changu cha gumba lilitokana na kulisahau hilo mara moja tu.

Anayetega hana habari ya hayo yote. Aliyefunga kamba yenye ndoana ishirini kwenye mti jioni na kuja kuitazama alfajiri ametega kwelikweli, na simlaumu, kwani ana watoto wa kulisha. Ninachosema ni kwamba amefanya jambo jingine, ijapokuwa ndoana ni zile zile.

Wenye kuusimamia uvuvi wa burudani duniani wanalitambua jambo hili kwa namna yao. Chama cha kimataifa kijulikanacho kama IGFA, kilichoundwa mwaka 1939, huandika rekodi nyingi za samaki kwa kufuata nguvu ya mshipi uliotumika, yaani kilo ambazo uzi unaweza kuhimili kabla ya kukatika, hivyo samaki mdogo aliyetolewa kwa uzi mwembamba anaweza kuwa na heshima yake mwenyewe kando ya samaki mkubwa wa uzi mnene. Tena kanuni zao zinasema kwamba samaki akishashika, mtu mwingine akiigusa fimbo au mshipi, rekodi haipo. Wanaovua kwa nzi bandia wa manyoya wamekwenda mbali zaidi: kwa kuwa nzi huyo ni mwepesi kiasi cha kutoweza kutupwa, uzito umewekwa kwenye mshipi wenyewe, na kinachorushwa hewani ni mshipi, nzi akifuata tu.

Kuna na tofauti isiyo ya maneno. Wengi wa wavuaji wa burudani humrudisha samaki majini, na wengine hukibana kwa koleo kile kijino cha ndoana kinachoizuia isitoke, ili imtoke samaki bila kumrarua. Hilo linawezekana kwa sababu mkono ulisikia mapema na ndoana ikamshika mdomoni. Samaki wa kutegwa ana usiku mzima wa kuimeza ndoana hadi tumboni, na huyo, hata ukimrudisha kwa huruma zote, umemrudisha akiwa nusu mfu. Katika Mto Pangani kuna perege wa aina ambayo jina lake la kitaalamu limetokana na Korogwe, Oreochromis korogwe, na mimi nikimpata perege mdogo katika mito ya kwetu humwachia. Nikisikia nimeambiwa kwamba nilimtega, naona kama nimesingiziwa.

Ni haki niseme pia lisiloniunga mkono. Ipo ndoana iliyopindwa karibu kuwa duara, iliyoenezwa na wavuvi wa kamba ndefu, yaani wategaji hasa, ambayo humnasa samaki pembeni mwa mdomo pindi mshipi unapokazika polepole, bila kushtuliwa. Wavuaji wa burudani sasa wanaitumia kwa wingi, na ukiwa nayo inakupasa uzuie ule msukumo wa kuvuta kwa nguvu. Hapo mpaka unakaribia kufifia, ingawa mkono bado uko kwenye mshipi.

Yule kijana wa tano, siku ile ya Zigi, alikuwa na ndoo ya maji begani na haraka usoni, lakini nilipomwambia, “Sijatega, mwanangu, navua,” aliitua ndoo chini. Nikampa mshipi, nikamwekea juu ya kidole. Alikaa dakika chache kimya, kisha macho yakamtoka. “Anagonga,” akanong’ona. Nikamwambia asivute bado. Akavuta. Ndoana ikatoka tupu, akacheka, akanyanyua ndoo yake, na alipofika hatua kadhaa akageuka kuniuliza: sasa, mjomba, nikikukuta siku nyingine nikuulize nini, kama si umetega nini?

“Niulize kama wanakula,” nikamjibu.