Kitanzi Tanzania: yanayosemwa kijiweni na yaliyomo kwenye sheria

Taarifa ya habari ikitangaza "ahukumiwa kunyongwa hadi kufa", pale kwa kinyozi wangu ubishi huwa umewaka kabla mtangazaji hajavuta pumzi. Nimeusikiliza mara nyingi. Kila mtu na huruma yake, na hasira yake, na dini yake. Hayo sina ugomvi nayo. Ninachoshangaa ni jinsi tunavyobishania sheria ambayo haiko hivyo tunavyoisema.

"Tanzania tulishaifuta, mbona hakuna anayenyongwa?"

Hakuna anayenyongwa, ni kweli. Waliokwenda kitanzini mara ya mwisho walikwenda mwaka 1994. Bila hati ya Rais hanyongwi mtu, na Septemba 2017, akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, John Magufuli alisema hadharani asipelekewe orodha ya wanaosubiri kunyongwa. Lakini adhabu yenyewe imo kwenye Kanuni ya Adhabu na Mahakama Kuu inaendelea kuitamka. Waliofuta kweli ni majirani: Rwanda mwaka 2007, Burundi mwaka 2009.

"Jaji akiona huruma anampa kifungo."

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na limezaa mengine. Mtu akitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, kifungu ambacho wanasheria wamekizoea kama 197 kina adhabu moja tu. Siku ya hukumu wakili husimama akaeleza: mteja wangu ni kijana, ana watoto wadogo, hajawahi kushtakiwa, amekaa mahabusu miaka kadhaa. Jaji huandika yote hayo, akainua uso, akasema sheria haimpi nafasi ya kuchagua. Wanaosalimika na kitanzi ni watoto wa chini ya miaka 18 na mwanamke mjamzito. Wengine wote, aliyeshika panga na aliyesimama njiani kuangalia kama kuna mtu anakuja, wakionekana walikuwa na nia moja, hukumu yao ni moja.

Nadhani tunachanganya na habari za Kenya. Desemba 2017, kwenye kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kuwa kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba. Sasa jaji wa Nairobi anapima. Kitanzi hakikufutwa hata huko.

"Mahakama ya Rufani ilisema ni halali, kwa hiyo si ukatili."

Ilisema ni halali, na ilisema pia ni ukatili. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, aliitangaza adhabu hiyo kuwa inavunja Katiba, kwenye kesi ya Mbushuu. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu yake, lakini ikikubali kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na inamvunjia mtu utu wake. Kilichoiokoa ni Ibara ya 30(2), inayoruhusu haki za mtu kupunguzwa kwa manufaa ya umma. Na nani wa kusema kama umma unaihitaji? Mahakama ikajibu kuwa ni jamii yenyewe.

Juni mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, kwenye kesi ya Makwanyane, iliisoma hukumu yetu hiyo ikaenda njia nyingine. Rais wa mahakama hiyo, Jaji Arthur Chaskalson, alisema yuko tayari kukubali kwamba wananchi wengi wanataka kitanzi, ila swali lililo mbele yake ni Katiba inaruhusu nini.

"Mahakama ya Afrika pale Arusha ilishakifuta."

Mahakama hiyo ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu haikufuta. Novemba 2019, kwenye kesi ya Ally Rajabu na wenzake, ilisema ulazima wa adhabu hiyo unavunja haki ya kuishi na kwamba kunyonga kunavunja utu, ikaipa Tanzania mwaka mmoja kuuondoa ulazima huo kwenye sheria.

"Wananchi wote wanataka wauaji wanyongwe."

Inategemea umeuliza nini. Siku moja pale kwa kinyozi niliuliza: muuaji anyongwe? Karibu mikono yote juu. Nikauliza tena: mwanamke aliyepigwa na mumewe miaka kumi, usiku mmoja akamsubiri alale akampiga mchi wa kutwangia? Mikono ikashuka, na wa kwanza kushusha ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote. Marekani wameona jambo hilohilo kwa hesabu. Mwaka 2019 kampuni ya Gallup iliuliza kama watu wanaunga mkono adhabu ya kifo kwa muuaji, 56% wakasema ndiyo. Mwaka huohuo ilipowapa wachague kati ya kifo na kifungo cha maisha kisicho na msamaha, 60% walichagua kifungo.

Hasira nayo ina majira. Mwaka 2009, mauaji ya watu wenye ualbino yalipochacha Kanda ya Ziwa, nchi nzima ilitaka kitanzi, na Mahakama Kuu ikawahukumu kifo wauaji kadhaa. Hata hivyo mwaka 2024 mtoto mwenye ualbino wa miaka miwili na nusu aliibwa Muleba, na mwili wake ukapatikana ndani ya kiroba. Hiyo haithibitishi kwamba kitanzi hakitishi mtu. Wataalamu wa Marekani waliopitia tafiti za miaka zaidi ya 30 walisema mwaka 2012 kuwa hazitoshi kuonyesha lolote, upande huu wala ule. Ila mtaani kwetu vibaka wanachomwa na matairi, na kesho yake simu zinakwapuliwa palepale.

"Dini zetu zinaagiza."

Kanisa Katoliki tangu 2018 linafundisha kuwa adhabu hiyo haikubaliki. Katika Uislamu kisasi kipo, lakini aya yenyewe ya Surat al-Baqara inamfungulia mlango ndugu wa marehemu asamehe, apokee dia, yaani fidia ya damu. Sheria yetu mlango huo haina. Mama wa marehemu akisimama mahakamani akasema amesamehe, jaji atamsikiliza kwa heshima, kisha atatamka kunyongwa hadi kufa.