Je, wajua? Mwanaume mwenye sauti ya besi anaweza kuimba alto

Mara ya kwanza kusikia Giulio Cesare (yaani Julius Kaisari), opera ya mtunzi Handel, nilidhani anayeimba kama Kaisari ni mwanamke. Nikatazama picha kwenye jalada: mwanaume, ndevu zimemjaa. Nikajipa jibu ambalo nimelisikia kwa wengi tangu hapo: huyu ni towashi, au amezaliwa na koo la kitoto. Yote mawili si kweli.

Wazo la towashi lina mizizi yake. Italia ya karne ya 17 na ya 18 ilikuwa na wavulana waliohasiwa kabla ya kubalehe ili sauti zao zisivunjike. Zoloto, kisanduku cha sauti kilichomo kooni, halikukua kama la wanaume wengine, nyuzi za sauti zilibaki fupi, ilhali kifua na mapafu viliendelea hadi ukubwa wa mtu mzima. Farinelli (1705–1782) alivuma Ulaya nzima. Kaisari wa Handel, mwaka 1724 jijini London, aliimbwa na Senesino, towashi wa alto, yaani sauti ya chini ya wanawake.

Lakini desturi hiyo ilikwisha. Alessandro Moreschi, mwimbaji wa kwaya ya Sistine huko Vatican, alifariki 1922, na ndiye towashi pekee aliyeacha rekodi za kuimba peke yake, zilizochukuliwa 1902 na 1904. Sikiliza Ave Maria yake: sindano inakwaruza mfululizo, na katikati ya mikwaruzo inapanda sauti kama ya mtu anayezuia kilio. Inanigusa kila mara. Hata hivyo tusimpime Farinelli kwa rekodi hiyo, maana sauti ilinaswa kwa pembe tu, bila maikrofoni, na Moreschi alikuwa mtu wa kanisani, si wa jukwaa la opera.

Basi wanaume tunaowasikia kwenye rekodi za leo ni nani? Wanaitwa makauntatena. Walibalehe kama wengine, na wengi wao wakizungumza, sauti ni ya baritoni (kati ya tena na besi) au besi kabisa. Kinachobadilika ni namna wanavyozitumia nyuzi zilezile.

Chukua puto lililojaa hewa, ushike mdomo wake kwa vidole vya mikono miwili. Ukiuacha umelegea, hewa inatoka kwa mngurumo, kwa kuwa mpira mzima, mnene, unapigapiga. Ukiuvuta pande mbili, unakuwa mwembamba, kingo tu ndizo zinazotikisika, na puto linalia kwa sauti nyembamba. Puto ni lilelile, hewa ni ileile.

Kooni kuna misuli inayofanya kazi hiyo. Mmoja umo ndani ya uzi wa sauti wenyewe. Ukikaza, uzi unakuwa mnene na mfupi, nao unatikisika kwa unene wake wote. Hiyo ndiyo sauti ya kifua, tunayoitumia kuzungumza kila siku, ambapo nyuzi za mwanaume hutikisika kama mara 100 hadi 130 kwa sekunde. Msuli mwingine uko mbele ya zoloto nao huvuta uzi uwe mrefu. Kauntatena huulegeza ule wa ndani na kuuachia wa mbele uvute. Sasa zinatikisika kingo peke yake, na kufika mara 440 kwa sekunde si taabu. Jaribu mwenyewe: weka kiganja kifuani, guna chini, kisha ita “uuu” kwa sauti ya juu. Mtetemo kifuani utapungua mara moja.

Kwa nini basi kauntatena hasikiki sawasawa na mwanamke? Kwa sababu juu ya nyuzi kuna koo na mdomo wa mwanaume, chumba kikubwa zaidi, na chumba ndicho kinachoipa sauti rangi yake.

Liko kosa jingine ambalo lilinichukua muda mrefu zaidi kuliacha: kudhani kwamba kauntatena ndiye aliyekusudiwa na Handel kwa mashujaa wake. Opera yake Radamisto ya 1720 inaonyesha vingine. Mwezi Aprili shujaa aliimbwa na mwanamke, Margherita Durastanti; Desemba mwaka huohuo akaimbwa na Senesino. Karne ya 20 Wajerumani walizoea kumshusha Kaisari hadi baritoni. Kauntatena alirudi kupitia Uingereza, ambako kwaya za makanisa makuu hazikuacha kuwapa wanaume sauti ya alto. Alfred Deller (1912–1979) alikuwa akiimba Canterbury wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mtunzi Michael Tippett alipomsikia na kumtoa hadharani. Mwaka 1960 mtunzi Britten alimtungia nafasi ya mfalme Oberon katika opera yake A Midsummer Night's Dream. Kuhusu Purcell, aliyetunga Uingereza miaka mingi kabla ya Handel kufika, wataalamu bado wanabishana: huenda sehemu kadhaa alizoziita za kauntatena ziliimbwa na matena wa juu kwa sauti ya kifua.

Ukiweka rekodi ya kauntatena, subiri wimbo uteremke. Kwenye noti za chini kingo pekee hazitoshi tena, na ule msuli wa ndani lazima urudi kazini. Wengine hupita hapo bila kuacha alama. Wengine utasikia, kwa neno moja tu, mwanaume wa besi akitokea.