Kenge wa Toho na rangi yake isiyojulikana

Mama alipoiona sanamu ya dubwana langu jipya juu ya meza aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, kenge huyu umemnunua kwa hela?" Sikuwa na utetezi, maana ni kenge kweli. Kenge wote, kuanzia yule mwizi wa mayai ya kuku hadi joka la Komodo, wataalamu wa wanyama huwaweka kwenye jenasi ya Varanus. Na dubwana hili la kampuni ya filamu ya Toho, Japani, linaitwa Varan. Wajapani wenyewe hutamka Baran.

Nakusanya sanamu za kaiju, yaani yale madubwana ya sinema za Kijapani yanayokanyaga miji. Godzilla ninaye, kama alivyo naye kila mtu. Lakini swali ninaloulizwa kila mara ni kuhusu huyu kenge, basi leo nieleze.

Varan ana filamu moja tu ya kwake, iliyotoka Oktoba 1958. Iliongozwa na Ishirō Honda, na madoido yakasimamiwa na Eiji Tsuburaya, wawili walewale waliomleta Godzilla mwaka 1954. Kazi ilianza kama mradi wa televisheni kwa ajili ya soko la Marekani. Wamarekani wakajitoa njiani, Toho wakabaki na mzigo, wakaugeuza kuwa filamu ya sinema. Ndiyo maana ilipigwa kwa nyeusi na nyeupe, ingawa miaka miwili nyuma Toho walikuwa wameshampiga Rodan, dubwana lao jingine, kwa rangi. Hadithi yenyewe sitaitetea sana: dubwana linatoka ziwani milimani kaskazini mwa Japani, linafika hadi uwanja wa ndege wa Haneda, linauawa kwa kumezeshwa baruti. Lina mazoea ya kumeza fataki za kumulikia zinazoshuka na miavuli, basi watu wakazifungia baruti fataki hizo. Kwisha habari yake.

Sasa njoo kwenye sanamu. Anayechonga Godzilla ana picha elfu za kufuatisha. Anayempaka rangi Varan hana pa kushika. Mwaka 1968 Toho walikusanya madubwana yao mengi kwenye filamu moja ya rangi, na Varan akaonekana humo kwa muda mfupi sana, kwa mbali. Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, lakini hawa waliomweka msafarani hawakumpa hata nafasi ya kugeuza shingo. Kwa hiyo kila mtengenezaji wa sanamu anaamua mwenyewe: mmoja kahawia ya udongo, mwingine kijani ya kinamasi. Wapo wakusanyaji wanaobishania rangi "sahihi" usiku kucha. Mimi naona wanapoteza usingizi bure. Kutokujulikana kwa rangi ndiko kunakonifanya nitake Varan wa pili na wa tatu, wakati Godzilla mmoja ananitosha.

Nikishika Varan mpya mkononi, cha kwanza natazama ngozi. Vazi la mwaka 1958 lilikuwa na vinundu vilivyopatikana kwa maganda ya karanga. Fundi Keizo Murase aliyatumia kutengeneza lile umbo la ngozi. Ndiyo, karanga hizi za kukaanga. Mchongaji aliyefanya kazi yake atakupa vinundu virefu vyenye kiuno katikati. Mvivu atakupa vidoti. Cha pili ni kwapa. Varan huruka kwa utando ulio kati ya mikono na miguu, kama kindi arukaye, ingawa toleo la Marekani la 1962 lilikata kipande hicho na kumwacha akitembea tu. Sanamu nyingi humsimamisha wima, na utando unabaki mikunjo midogo ubavuni. Mikunjo hiyo ikikosekana kabisa, siichukui.

Zangu nyingi ni za sofubi, jina la Kijapani la vinili laini. Vinili ya majimaji humiminwa kwenye kalibu ya chuma, kalibu ikachovywa kwenye mafuta ya moto, tabaka likaganda ukutani, iliyobaki ikamwagwa. Kisha fundi anachomoa kipande kwa koleo kupitia tundu jembamba kingali moto na laini. Ndani ni tupu, na mkia, mikono na kichwa huchomekwa baadaye. Ukitaka kuvitenganisha, tumbukiza kiungo kwenye maji ya moto dakika chache, kisha zungusha polepole. Usilazimishe cha baridi, kitapasuka.

Nililijifunza hilo kwa hasara. Varan wangu wa kwanza, muuzaji alimwita "safi kabisa". Alifika akiwa ananata kama kashata iliyoachwa juani, na mkia umegandishwa kwa gundi. Kunata kulitokana na mafuta ya kulainishia vinili, ambayo joto huyatoa nje. Sabuni ya maji na maji ya uvuguvugu vilisaidia. Gundi haikutoka, na nilipovuta, shingo ya mkia ikachanika. Tangu hapo naomba picha ya kila kiungo, na ya nyayo, mahali ambapo jina la mtengenezaji hugongwa. Kwa sisi wa pwani, madubwana haya usiyafunge kwenye mifuko ya plastiki. Yaache yapumue, mbali na dirisha.

Mwaka 2001 Varan alikaribia kurudi. Mwongozaji Shusuke Kaneko alimtaka kwenye filamu yake ya Godzilla, pamoja na Anguirus na Baragon, madubwana mengine ya Toho. Wakubwa wa Toho wakataka majina yanayouza zaidi. Varan na Anguirus wakatoka, wakaingia Mothra na King Ghidorah. Baragon peke yake ndiye aliyesalia.

Huyu wa kahawia nilikuwa nimempangia rafu ya juu, kwenye kivuli. Jana nimekuta Mama amemhamishia juu ya friji, kando ya trei ya mayai. Anasema huko yeye mwenyewe atamlinda. Juu ya friji kuna joto, itabidi nimshushe kabla hajaanza kunata.